Mkeka wa Ruiru na Mkeka wa Thika

Shamba la kahawa, Ruiru
20 Novemba 1955

Kwa ndugu yangu Wambua,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu Bedan. Ninaomba barua hii ikukute na afya, wewe hapo Thika, na mama yako na dada yako Mbula huko Yatta, na mvua iwe imewafikia kama ilivyotufikia sisi. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Nilifurahi kukuona tulipocheza kriketi Thika, timu ya Bwana wangu Pritchard, mwenye shamba hili, na timu yenu ya Wahindi wa kiwanda cha ngozi. Uliwahi kuniuliza swali moja tu kabla homgadi, yule askari wa kutuchunga, hajanirudisha kwenye lori: kwa nini mpira wako wa kuzungusha unakutii nyumbani na kwingine unakukataa. Nimelifikiria nikipalilia kahawa. Ndugu yangu, wewe unarusha vilevile kila mahali, nao uwanja haufanani na uwanja mwingine.

Mkeka wenu wa Thika, ule unaotandikwa katikati ya uwanja mpira uangukie, umelegea. Mpira ukianguka unashikwa, unazunguka sana lakini polepole, na mpigaji hodari anausubiri kama mtu anayesubiri chai. Hapo ongeza kasi, asipate nafasi ya kurudi nyuma. Hapa Ruiru mkeka umevutwa kwa vigingi mpaka unalia, na chini yake ni murram, udongo mwekundu wa barabara, mgumu. Ukirusha mfupi, ukaanguka mbali na mpigaji, mpira unaruka kifuani mwake na kupita bure juu ya vile vijiti vitatu anavyovilinda. Urushe karibu na miguu yake, wala usizungushe mno. Upana wa kiganja unatosha. Kwenye uwanja wa simenti usitegemee vidole kabisa. Upandishe juu, mmoja uharakishe, mwingine uucheleweshe, umdanganye macho. Mvua ikinyesha mpira unateleza kama sabuni, basi ufute kwa shati, lenga vijiti tu, uvumilie. Mkeka ukianza kukauka, hapo zungusha kwa nguvu zako zote.

Sasa habari za hapa. Tangu serikali itangaze Hali ya Hatari, sisi Wakikuyu tunalala ndani ya seng'enge. Asubuhi tunahesabiwa, jioni tunahesabiwa, na pasi yangu imo katika sanduku la Bwana Pritchard. Mke wangu Waithira yuko Gatanga, katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na mtoto wetu wa kwanza, Mumbi, amezaliwa huko. Sijamwona. Mwezi wa nane karani Dismas alininong'oneza kwamba Bwana D.O., mkuu wa serikali wa huku, amekubali niende kwa mke wangu, imebaki sahihi ya Bwana tu. Nilipomwendea, Bwana alicheka kwa upole, akasema nimalize kwanza msimu. Msimu ulipokwisha, akasema kuna mechi za Krismasi.

Nikaamua kurusha vibaya ili anichoke. Ilikuwa juzi, tukicheza na watu wa Nairobi. Mvua ilikatika, jua likatoka, mkeka ukaanza kukauka, nikauona mpira unashika. Wambua, vidole havikunisikiliza. Niliwatoa wapigaji mmoja baada ya mwingine. Wazungu walinipigia makofi, nami nikatamani kulia. Uwanjani tu ndipo ninapojiona mtu, na ndipo hapo hapo ninapojifunga.

Jioni ile Bwana aliniita barazani. Akasema alimwona Thika Mkamba mmoja mwenye vidole virefu, akaniuliza kama ninamjua. Nikimleta huyo aandikwe hapa, yeye atatia sahihi ruhusa yangu siku hiyo hiyo.

Nisamehe, ndugu yangu. Nilisema ninakujua. Nilitaja jina lako na kiwanda chako, nikaahidi kukuandikia uje. Wakati nikisema hivyo nilikuwa namwona Mumbi mikononi mwangu.

Lakini nikishika kalamu niandike "njoo", naona karatasi zako zikiingia katika lile sanduku. Ukishaweka kidole kwenye mkataba wa Bwana, hutoki mpaka apende yeye, na kwa unavyorusha wewe, hatapenda kamwe. Usije. Akimtuma mtu na maneno matamu, kataa. Mimi nitamwambia umekataa, na atakalosema nitalisikia.

Krismasi tutakutana tena Thika. Usinisalimie. Pita kama mtu asiyenifahamu, kwa sababu Bwana atakuwa ameketi chini ya turubai akiutazama mkono wako. Niliyokueleza kuhusu mikeka yaweke kwa siku ambazo yeye hayupo. Siku ya Krismasi rusha mifupi, rusha nje, wacha wakucheke, kisha urudi kwenu kwa miguu yako mwenyewe.

Barua hii nimempa Kaleli wa maziwa, ambaye haulizi maswali. Ukiisha kuisoma, itie motoni. Nisalimie sana mama yako na Mbula, na wote wanaoniulizia. Wakikuuliza hali yangu, waambie nala na nalala.

Ni mimi rafiki yako, ambaye siku ya Krismasi hutamjua,

Bedan Kagwe