Ukuta wa Mama Pilipili

Jumatatu, 3 Machi 1975

Tumeharibu picha mara mbili leo. Kwanza mimi, nimekanyaga waya. Halafu Ramazani, mshika kamera wetu, amecheka hadi kamera ikatikisika. Mtu mzima, ana wajukuu. Ilunga, mkubwa wetu wa michezo ya kuigiza hapa kituo cha televisheni, amemkaripia, kisha akaenda nyuma ya pazia kucheka na yeye. Nimemsikia.

Ni ile ya paja la kuku. Mama Pilipili (ndiye mimi) anaketi meza moja na mume wa binti yake, Kitoko (ndiye Kasongo). Anamnyang'anya paja likiwa mdomoni tayari. Kwetu mama mkwe na mkwe hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mkwe anaingia majanini mpaka mama apite. Ndiyo maana watu wanacheka hadi machozi. Wanaona kisichoonekana.

Hatusomi karatasi. Ilunga anatupa mifupa ya hadithi, nyama tunatia wenyewe. Mimi siwezi kutia kitu bila uso wa Kasongo. Akifinya jicho la kushoto, najua uongo wa Kitoko uko njiani, nami nautayarishia jibu. Tukiisha shikana hivyo, dunia nzima inaweza kuungua.

Nimerudi kambini, kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba, na mvua kichwani. Nimechoka vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Mchezo wetu umepita kwenye televisheni. Umechelewa. Wachezaji wa Chama kinachotawala walikuwa na nyimbo zao kwanza, na baada ya hizo zingine, na baada ya hizo zingine. Jirani zetu wamengoja bila kunung'unika. Sebule imejaa, vichwa vingine dirishani. Baba Kabedi, mume wangu, alitoka zamu ya kuyeyusha shaba, akalala kitini kabla Kitoko hajatokea. Ndiye mtu pekee wa kambi hii ambaye sijawahi kumchekesha kwa televisheni.

Paja la kuku limewaua. Mama Numbi wa nyumba ya pili ameshika mbavu, anasema: "Huyu mama hana haya hata kiloko." Nimejivuna.

Ila Kabedi, binti yangu, hakucheka. Aliangalia sakafu. Labda meno yanamuuma.

Jumapili, 9 Machi

Si meno.

Tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, baada ya misa. Kabedi akasema bila kuinua kichwa: "Mama, Kasongo anataka kutuma bantu yake kwetu, banipose." Nikacheka. Nikamwambia hiyo Ilunga ataipenda sana, tuifanye wiki ijayo. Hakucheka. Nikaweka mchi chini.

Mwaka mzima Kasongo anakuja kunichukua kwa baiskeli kwenda mazoezini. Anafika mapema. Anaomba maji. Anaomba tena maji. Nilisema moyoni, kijana huyu anaheshimu kazi. Kumbe kiu yake haikuwa ya maji. Na mimi ndiye ninayejidai naujua uso wake.

Nimefurahi, niandike wazi. Ni mwalimu, hanywi ovyo, ananichekesha. Nani mwingine ningemtaka? Nimefurahi kwa muda wa kuchemsha sombe. Halafu Baba Kabedi ameamka, nimemweleza, akasema: "Siku bantu yake batakanyaga hapa, hautamuangaria tena ku macho. Mpaka atuletee mbuzi ya kufungua njia. Na ile, si mbele ya mutoto wa kwanza kuzaliwa."

Sombe imeungua.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Ilunga. Amesema: "Mama, ni mchezo tu." Nimemwambia awaambie hivyo watu wa dirishani. Watu wanacheka kwa sababu Kasongo si mkwe wangu. Nikimnyang'anya nyama mume wa kweli wa binti yangu, hakuna atakayecheka. Watainamisha vichwa. Watasema Kabedi ametoka katika nyumba isiyo na mpaka.

Hakukubali. Jioni amekuja mwenyewe kumshawishi Baba Kabedi. Ameongea Kifaransa kizuri, ameongea sanaa, ameongea mambo ya ng'ambo alikosomea. Baba Kabedi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea bia, akasema: "Citoyen, si ni beye bakubwa banasema turudie desturi ya bankambo? Shiye tulikuwa hatujaiacha bado." Ilunga alicheka mpaka akavua miwani. Walimaliza bia kama ndugu. Lakini hakuna kilichotatuliwa.

(Masista walinifundisha kuandika Kiswahili cha kitabu. Wakiona ninavyoandika maneno ya mume wangu watanipiga fimbo. Lakini ndivyo alivyosema: shiye ni sisi, bankambo ni mababu.)

Alhamisi, 13 Machi

Tumejaribu Kitoko mwingine. Mwape, kijana wa kwaya, sauti nzuri, meno mazuri. Nikimtukana, anangoja nimalize, halafu anajibu kwa adabu. Mama Pilipili amekuwa bibi anayefoka peke yake. Bukari la jana, ugali uliopoa. Ramazani hakutabasamu hata mara moja. Mwape mwenyewe aliona, maskini. Aliniomba msamaha mlangoni.

Ilunga amesema mbele yetu wote. Ama ndoa ingoje mpaka mwisho wa mwaka, ama mchezo ufe. Watu wa nyimbo za Chama wanaitaka saa yetu ya Jumatano, na hawatasubiri sisi tumalize mambo ya ukoo.

Kasongo alitazama viatu vyake.

Nimemweleza Kabedi. Akajibu mara moja: "Tutangoja, Mama. Haiko neno." Akaendelea kupiga pasi.

Nimefurahi. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilifurahi, nikaenda kulala na furaha hiyo, na usingizi haukuja.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbili namwangalia mtoto huyu. Anaimba akifagia ili nione kwamba hana neno. Hajui kuigiza hata kidogo. Hilo hakurithi kwangu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nani amenipa ruhusa ya kumwekea binti yangu maisha kando, kama chungu, mpaka nimalize kuchekesha watu? Mimi niliolewa mvua zikiwa bado zinanyesha, bila kungoja mtu.

Lakini pia nalia. Kabla ya televisheni nilikuwa mke wa mtu wa shaba, mama wa Kabedi, basi. Sasa nikipita soko la Naviundu wanawake wanaacha biashara kunisalimu. Na ile saa ambapo sijui nitasema nini, na neno linakuja lenyewe. Sitaipata mahali pengine. Nimeuacha mchezo leo, na umeniuma kama jino.

Nimemtuma Mama Numbi kwa Kasongo. Watu wake waje kesho.

Jumapili, 16 Machi

Wamekuja. Mjomba wake kutoka Mokambo, mnene, kofia mpya, na shangazi wawili. Kasongo nyuma yao, shati jeupe. Nimemwona kwa tundu la pazia, halafu nikaacha kuchungulia. Nafasi yangu ni jikoni, nyuma ya ukuta. Kazi yangu ni kupitisha chakula na kunyamaza.

Wakazungumza. Mjomba akamuuliza Kasongo mbele ya wote kama anajua kazi za nyumbani, ili mke asiteseke. Kasongo akakohoa. Kikohozi kile nakijua. Ni cha Kitoko anapotaka kudanganya. Akasema anajua kupika.

Neno likanitoka bila mimi. Kutoka jikoni, kwa sauti ya Mama Pilipili: "Kupika nini? Maji ikiungua, yeye ndiye alipika."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na sufuria. Nimesikia Baba Kabedi akivuta pumzi.

Halafu Kasongo, taratibu, kwa sauti ya Kitoko: "Ile maji, Mama, ilikuwa na mafuta mubaya."

Mjomba wa Mokambo alicheka hadi kofia ikaanguka. Shangazi wamepiga makofi. Baba Kabedi, ambaye sijawahi kumchekesha, amecheka. Mimi nyuma ya ukuta, kiganja mdomoni, nazuia kicheko. Mjomba alipopata pumzi akasema hakuna aliyevunja kitu: "Uso haukuona uso. Ukuta iko pale. Sauti haina macho." Shangazi mkubwa, ambaye nadhani ndiye mwenye sheria, amekubali. Mradi tusile pamoja na tusionane.

Wamekubaliana. Harusi kiangazi, mvua zikiisha. Kabedi amenikumbatia jikoni, mikono yote unga.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwendea Ilunga asubuhi kabla hajavua koti. Nimemwambia neno moja: ukuta. Amenitazama kama nina homa. Halafu akaanza kutembea chumbani. Akatembea sana. Mchana fundi alikuwa anapigilia mbao katikati ya studio.

Kitoko upande wa kamera, mezani. Mimi upande wa pili, kwenye kigoda, na sufuria zangu. Mama Pilipili ameamua kufuata desturi, sasa anamtawala mkwe kutoka jikoni.

Mazoezi yamekuwa aibu. Bila uso wake mimi ni kipofu. Naingia mapema, namkanyagia maneno. Nachelewa, anabaki mdomo wazi. Tumerudia mpaka Ramazani akakaa chini. Ilunga amekuwa mkali, mimi nimekuwa mkali zaidi, nimetupa mwiko. Nimerudi nyumbani bila kuaga mtu.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimefumba macho. Kwa nini sikufikiri mapema? Nilikuwa naukodolea macho ubao kama utaniambia kitu.

Nikifumba, nasikia. Kasongo kabla ya uongo anavuta pumzi puani. Akitaka nimkatize, anaacha kutafuna. Akiwa amepotea, anasogeza kiti. Vyote hivyo alikuwa anavifanya zamani, sikuvisikia kwa sababu ya lile jicho lake la kushoto. Na yeye amejifunza sufuria zangu. Nikigonga kifuniko, anaficha nyama. Ramazani amesogeza kamera karibu na kubaki hapo, juu ya uso wa Kitoko unaosikiliza. Anasema uso ule unatosha. Mimi nyuma ya ubao siuoni. Nimemwomba anieleze, ameshindwa kwa kicheko.

Jumatano, 26 Machi

Tumepita kwenye televisheni. Mwanzoni watu wa dirishani hawakuelewa, wananiuliza: "Weye uko wapi, Mama?" Niko nyuma ya ukuta, nawaambia, tulieni. Kisha Kitoko akanusa nyama, akanyoosha mkono polepole, na sauti yangu ikatoka hewani: "Rudisha."

Kelele ya kicheko ilimwamsha Baba Kabedi. Ameangalia hadi mwisho. Amesema kitu kimoja: "Sasa inafanana na kweli." Kwake hiyo ni hotuba.

Mama Numbi anasema lile paja la kuku lilikuwa zuri zaidi. Kila mtu na ulimi wake. Ilunga amepiga simu ofisi ya kampuni ya shaba, wamenitumia mjumbe: saa yetu ya Jumatano inabaki.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua zimepungua. Tumemaliza kurekodi mapema.

Tangu watu wake waje sijakutana na Kasongo ana kwa ana. Jana barabara ya kambi aliniona kwa mbali, akashuka kwenye baiskeli, akaingia majanini nayo. Haji tena kuomba maji. Nakwenda mazoezini kwa miguu. Naona umbali ule ni mrefu, na si kwa sababu ya miguu.

Leo Ilunga amesema basi, taa zikazimwa, Ramazani akatoka kuvuta sigara. Nikabaki kukusanya sufuria. Nikasikia upande wa pili kiti hakijasogezwa. Alikuwa bado yupo.

Akasema, na haikuwa sauti ya Kitoko: "Mama, nimepata nyumba karibu na shule. Kabedi anaona iko mbali na weye. Mimi pia naona iko mbali."

Nilikaa na kifuniko mkononi. Mwisho nikasema kwa sauti yangu ya nyumbani: "Mutoto wangu, mukae kule. Siku ya yenga, tukitoka misa, nitatuma sombe."

Akasema asante, Mama. Halafu akavuta pumzi puani, na hakusema uongo wowote.

Nimetokea mlango wa nyuma, nikamwachia njia.