Nani Alikushika Mkono

Jumatatu, 14 Julai
Nimepima wajawazito tisa. Baadaye nikawahutubia chini ya turubai la zahanati: dalili za hatari, faida ya kujifungulia kwetu. Wao ni Wasomali, mimi mtu wa Hola, Kisomali changu ni cha salamu tu. Hawo, mama anayesafisha zahanati, alitafsiri. Nilisoma karatasi neno kwa neno. Wawili walisinzia. Wengine waliondoka kabla sijamaliza. Aibu.

Jumanne, 15 Julai
Nimemuuliza Hawo nilikosea wapi. Akaendelea kupiga deki kwanza. Kisha:
"Sista, wewe unaongea kama redio. Redio mtu hajibu."
Imeniuma. Ni kweli.

Alhamisi, 17 Julai
Mama mmoja amejifungulia nyumbani, akatokwa na damu nyingi. Yeye yuko hai, hospitali ya Garissa mjini. Mtoto hakupona. Mama huyo ni mmoja wa wale walioondoka mkutanoni.
Nimelia stoo, kati ya maboksi ya glavu.

Jumatatu, 21 Julai
Mkutano tena. Karatasi nimeiacha ndani. Nikaketi nao mkekani, nikauliza jambo moja: ulipojifungua mara ya kwanza, nani alikushika mkono?
Kimya. Nilitamani kukijaza. Hawo akanigusa goti, nikatulia.
Bibi mmoja akasema ni mama mkwe wake. Mwingine, hakuna, wenzake walikuwa wametangulia na ngamia. Wakaanza kusimuliana. Wakacheka, wakafuta macho. Hawo alisahau kunitafsiria.
Deqa, mwenye mimba ya kwanza, hajawahi kunitazama usoni. Leo akauliza mwenyewe, kwa Kiswahili cha shule:
"Na kama kichwa inauma, na macho inaona giza?"
Nikampima papo hapo. Presha iko juu mno. Nikaita gari la wagonjwa. Mama mkwe wa Deqa, aliyekuwa naye mkekani, alipanda kabla yake, akampa mkono.

Jumatano, 23 Julai
Hakuna simu kutoka hospitali.

Ijumaa, 25 Julai
Deqa amepasuliwa. Msichana. Wote wazima, alhamdulillahi. Mimi na Hawo tumekumbatiana mlangoni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemtembelea Deqa. Mtoto amelala kifuani pake, ngumi mbili ndogo. Mama mkwe amenimiminia maziwa ya ngamia, akaongea muda mrefu kwa Kisomali. Nimeelewa maneno machache. Hawo alikuwa pembeni, sikumwomba atafsiri. Nilisikiliza tu, hadi maziwa yakaisha.