Tanga Nililolikalia

Karakana ya Matanga,
Kilifi.
Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Mpendwa dada Nyevu,

Shikamoo, dada, na shikamoo nyingine umfikishie mama hapo alipoketi. Je, mvua imewakumbuka huko Ganze, au bado maji mnayafuata kwa safari ya nusu siku? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, ila tangu juzi chakula kikifika kooni kinaomba ruhusa ya kurudi kilikotoka.

Mwanao Katana hajambo kabisa. Amepanuka mabega, amepata kofia ya ubaharia, na wasichana wa Kilifi siku hizi wanamsalimia yeye kabla yangu, jambo ambalo sijalisamehe.

Kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri. Najua huko mnadhani tunashona kitambaa cha marekani kwa sindano ya magunia. Hayo yalipita, dada! Tanga la sasa halishonwi, linapikwa. Kompyuta inachora umbo, kisha mashine inatandika nyuzi nyeusi za kaboni kutoka pembe hadi pembe, zikifuata njia ambayo upepo utavuta. Juu plastiki, chini plastiki, katikati gundi. Hewa inanyonywa yote, joto linapitishwa, na tanga likitoka ni jepesi hivi kwamba hata mimi nalibeba begani. Bi Mwanamina, mwenye karakana, ambaye babu zake walishona matanga ya majahazi, ana sheria moja anayoirudia kama uradi: tanga hili halikunjwi, linaviringishwa kama mkeka. Likikunjwa, nyuzi zinavunjika ndani kwa ndani, na jicho halioni.

Lakini kutengeneza ni nusu tu. Nusu ya pili ni kuuza, na hapo ndipo mfalme ni mimi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini matajiri wa Nairobi wananisikiliza midomo wazi. Kwenye video zetu mimi ndiye ninayening'inia kwenye kipande cha tanga chembamba kama mkanda wa suruali, nikisema kimenibeba mimi pamoja na mahamri yangu yote ya asubuhi. Video hiyo imetazamwa mpaka Dubai, na Dubai wananijua, nilikaa kule miezi minane. Mteja nikimwambia weusi wa tanga peke yake unawatia washindani baridi, anatoa pesa. Hivyo ndivyo Bwana Thuku wa Nairobi alivyonunua tanga la mbele la mashua yake ya mashindano.

Mashua hiyo ndiyo iliyomwajiri Katana. Leo saa nne inang'oa nanga kuelekea Pemba, kwa kukata bahari kuu, na upepo waliotangaziwa ni mkali. Nafasi ya Katana ni omoni, mbele kabisa, chini ya tanga lile lile.

Jana nilimwomba ajifanye anaumwa tumbo. Alinicheka mbele ya wenzake. Akasema eti mjomba, miaka minne unauza upepo na maji ya bahari hayajakufika magotini, kaa nchi kavu unywe soda. Kisha akanishika bega, akasema tanga limetoka mikononi mwangu, sasa yeye aogope nini? Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza, dada. Usiku wote niliyasikia.

Sasa keti kwanza.

Wiki mbili zilizopita, kabla tanga halijakabidhiwa, nilitaka kulipiga video ufukweni Malindi. Bi Mwanamina alikuwa Mombasa. Bomba la kuviringishia ni refu, haliingii kwenye pikipiki, na gari la kukodi niliona ni gharama bure. Nikalikunja mara nne kama leso, nikaliweka kitini, nikalikalia. Kutoka Kilifi hadi Malindi, matuta yote, nimelikalia, na pale Gede nikawapungia watu mkono kama gavana. Nilipolikunjua niliona mstari mweupe karibu na pembe ya chini, kama ufa wa ukucha. Nikachukua nembo yetu kubwa ya kubandika, nikaufunika.

Bi Mwanamina alipoiona alinisifu, akasema hatimaye nimejua nembo huwekwa wapi. Bwana Thuku aliipenda hata akaomba ya pili upande wa pili. Nikambandikia. Tukacheka wote.

Juzi nilichukua kipande kilichobaki cha tanga hilo hilo, nikakikunja, nikakikalia muda wote wa chai, kisha nikaning'inia kama kwenye video. Kilikatika miguu haijaacha sakafu, kwa mlio wa muhogo mkavu. Na kwenye pembe ile ya tanga, dada, pana pete nzito ya chuma. Tanga likipasuka kwa upepo mkali pete inaruka, na kilicho mbele yake ni kichwa cha Katana. Tangu hapo kila kinachochanika kinanishtua. Abigael, jirani yangu, alichana shuka kuukuu nikapiga ukelele, ploti nzima ikacheka. Nami nikacheka, huku jasho linanitoka.

Nimenyamaza kwa sababu Bi Mwanamina atanifukuza, na nani atanunua tena tanga lililosifiwa na mdomo huu? Hilo nililipima na kichwa cha mwanao siku mbili nzima. Nisamehe. Uliponikabidhi uliniambia huyu sasa ni wako.

Mangi, dereva wa gari la probox la Ganze, yuko hapa, injini inanguruma, ananiuliza kama naandika Biblia. Ningekupigia simu ningekuchekesha, nikakata bila kusema. Barua hii ikishaondoka, adhuhuri utaijua kweli, na uongo wowote nitakaoubuni utakuwa umechelewa. Kwa hiyo nikimkabidhi tu, nateremka gatini. Nitaibandua ile nembo kwa kucha zangu mbele ya Bwana Thuku, mbele ya Bi Mwanamina, Katana akitazama. Akinidharau, na anidharau akiwa hai.

Msalimie mama sana, na watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Barua hii usimsomee mama. Mwambie tu Katana hajasafiri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwaringa