Matofali Yaliyofunikwa Mabua

Mtani wangu Luvanda,

Bweni limeezekwa. Nimeanza na hilo kwa sababu ungenikaripia kama ningeanza na salamu ndefu. Wasichana walihamia Jumapili baada ya ibada, kila mmoja na godoro lake kichwani, na mama zao walipiga vigelegele hadi barabara ya Kongwa. Neema, ambaye baba yake alikwisha kusema hatarudi shuleni kwa sababu ya ule mwendo wa porini, amechagua kitanda cha dirishani.

Jibu la wafadhili lilifika ukiwa umekwisha kuzikwa. Hilo bado linaniuma.

Nalikumbuka lile andiko letu la mradi. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilianza na historia ya wilaya tangu mashamba ya karanga ya Waingereza, kisha nikaomba bweni, maabara, maktaba na gari. Ulisoma ukurasa wa kwanza, ukavua miwani. "Mtani, sentensi yako ni ndefu kama treni ya Kigoma. Mfadhili atashuka Dodoma." Kisha ukaniuliza: tukipewa kitu kimoja tu, kipi kitamzuia Neema asiache shule? Nikajibu, bweni. "Basi omba bweni." Nikafuta mengine yote kwa uchungu, na andiko likasimama: shida ni ipi, nani atafanya nini, na nani atalitunza jengo wafadhili wakishaondoka.

Ndipo wazee wakatuvuruga. Wazazi walikwisha kufyatua matofali na kuyachoma, tanuri zima nyuma ya shule. Waliposikia kwamba mgeni wa wafadhili anakuja kukagua, waliyafunika kwa mabua ya mtama. Waliogopa kwamba akiyaona atasema tunajiweza, aondoke. Wakataka yasitajwe hata kwenye andiko. Mimi ni mtoto wa hapa. Wengine wao ni baba zangu wadogo. Ningewaambia nini?

Wewe, Mhehe, ulisimama mkutanoni ukawaamkia, "Shikamooni, wazee," halafu ukawachapa: "Wagogo mnasifika nchi nzima kwa kuomba, kumbe hata kuomba hamjui! Nani atakutwika mzigo uliouficha?"

Kisha Mzee Chilewa, baba yake Neema, akacheka mpaka akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Huyu mla mbwa ana maneno!" akasema, kama sisi Wagogo tunavyowatania Wahehe siku zote. Akaenda mwenyewe kuyaondoa mabua. Angesema mtu asiye mtani, angetozwa ng'ombe.

Mgeni aliyagonga matofali kwa kidole, akaenda zake. Katika jibu lao wameandika kwamba ni hayo yaliyowaridhisha.

Nakushukuru, Luvanda. Kwa ulimi wako, na kwa kila mstari wangu uliokata.

Sasa wazee wa kijiji cha pili wamenijia, wanataka niwaandikie na wao. Nitakwenda. Nakuahidi kwamba kabla sijashika kalamu nitawauliza wamefunika nini. Mimi si mtani wao, lakini nitasema maneno ni yako, na marehemu hatozwi ng'ombe.

Siku ya mazishi desturi ilinitaka nikutanie kaburini. Ulimi ulikataa. Leo umekubali, basi sikiliza: tangu uondoke, mbwa wa kijiji hiki hawajapungua hata mmoja.

Lala salama, mla mbwa wangu.

Mtani wako wa Kongwa