Mistari Minne Niliyoandika

Likasi, 21 Septemba 1992

Yaya Symphorien, kaka yangu mkubwa,

Baba anakusalimu. Mama amepona mguu. Mimi nina hasira.

Wakati wa likizo ulinifundisha kuandika amri chache katika faili moja ili kompyuta ya shule izifuate yenyewe. Basi mkuu wa shule aliniomba nitenge wanafunzi kufuatana na asili ya baba zao. Alisema ni takwimu tu. Niliandika mistari minne: tafuta neno Kasai kwenye orodha ya wanafunzi, nakili jina, panga kwa alfabeti, chapa. Kazi iliisha kwa dakika moja. Nilijiona mwerevu, yaya!

Jumatatu iliyopita karatasi yangu ilibandikwa mlangoni. Wote waliomo wamefukuzwa shuleni, na familia zao zinafukuzwa mjini, ati warudi Kasai, jimbo la baba zao. Yumo Bibiane, tunayekaa naye dawati moja tangu tukiwa wadogo. Alizaliwa hapa, Kasai hajawahi kuiona. Sasa familia yake inalala stesheni ikisubiri treni.

Nilimpelekea sahani ya bukari, ugali wa moto. Nikamwambia, “Minye sikujua.”

Akacheka vibaya. “Weye uko na akili, Alphonsine. Ulizani wanatutafutia zawadi?”

Leo mkuu ameniita. “Mutoto wangu, sasa fanya na orodha ya kambi yote ya wafanyakazi.”

Nimekataa mbele ya walimu, mimi ninayeogopa hata kuomba chaki. Akauliza nani alinifundisha. Kwa woga nikakutaja.

Atakuandikia huko Lubumbashi, na atakuahidi kazi. Ukimfanyia orodha hiyo, usiniite tena mdogo wako.

Alphonsine