Mchoraji wa Burji ya Kondoo

Jumatatu, mvua. Mount Druitt, huku Sydney, imekaa kijivu tangu alfajiri, na baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Sijidanganyi kwamba ni baridi.

Naogopa.

Kesho napasuliwa jicho la kulia, hospitalini Westmead. Kuna tundu dogo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, pale hasa panapotazama. Niligundua mezani kwangu. Nilikuwa nachora mlango wa nyumba ya sungura, kazi ya kitabu cha watoto, nikauona mlango umepinda kiunoni. Nikafuta, nikachora tena. Ukapinda tena. Nikafumba jicho la kulia, mlango ukanyooka. Daktari amesema tundu halizibiki kwa dawa, na kila wiki inayopita linazidi kupanuka. Watanitia ganzi, lakini sitalala. Nitakuwepo, nikijua kwamba wamo ndani ya jicho langu.

Kuchora ndiyo riziki yangu. Nina miaka hamsini na minane, sitajifunza kazi nyingine sasa.

Nyinyi mnaonisoma katika ukurasa huu mnaujua mchezo wangu. Nachukua mchoraji wa zamani, nampigia falaki kama tulivyofanya kwetu Tanga, kisha nawasimulia maisha yake kwa nyota yake. Wazungu hutazama siku ya kuzaliwa. Sisi huchukua jina la mtu na jina la mama yake, kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake, unajumlisha, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho kinachokuonyesha burji yako kati ya zile kumi na mbili. Wapo wanaoniandikia kwamba ni haramu. Nimewasikia, endeleeni kuniombea.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya mchoraji mmoja wa karne ya kumi na tisa. Jina lake silitaji, kwa sababu nyumbani tulikatazwa kumtaja marehemu pamoja na nyota yake. Alikuwa mtoto wa mjane katika mji wa bandari wenye moshi mwingi. Tangu ujana alichora picha za magazeti na vitabu vya hadithi: mazimwi, meli zinazozama, mabibi wa magauni mapana. Watu walizipenda, wakazikata na kuzibandika ukutani. Mwenyewe hakuzitaka. Alitaka aitwe msanii wa rangi, mwenye picha kubwa za kutundikwa kwenye majumba, na kila alipopeleka moja wakubwa waliitazama kidogo, wakamwambia arudi kwenye vitabu vyake.

Hesabu yake ilitoka Kondoo. Nikacheka peke yangu, maana ndiyo burji yangu. Na kila kitu kilimkaa sawasawa. Kondoo hutanguliza kichwa, ushauri huukubali ukishachelewa. Zuhura ilimpa mkono mzuri, Zuhali ikamvuta shati kila alipotaka kupanda. Mwenye kuitawala Kondoo ni Mirihi, nyota ya chuma na damu, na katika mwili wa binadamu Kondoo hushika kichwa. Nilikuwa naandika haya kwa raha zangu, na kikombe cha chai mkononi.

Halafu nikafika mwisho wa maisha yake. Alipokaribia miaka sitini, jicho la kulia lilianza kumpindia mistari. Akapelekwa kwa mpasuaji. Jicho likafa, la pili likafuata, na hakuchora tena mpaka alipozikwa.

Nikatafuta ile tarehe ya kupasuliwa iliangukia siku gani. Bora nisingetafuta.

Ilikuwa Jumanne, siku ya Mirihi. Kama ya kwangu.

 Najiambia mimi ni mtu mzima, nimeishi Sydney miaka mingi, najua kisu cha zama zile si mashine za leo. Kisha nafumba jicho la kushoto, natazama penseli, naiona imepinda, na akili yote inanihama.

Asubuhi hii nikapiga simu hospitali kuomba siku nyingine, yoyote isiyokuwa Jumanne. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Akasema anaweza kunifutia, ila hawezi kuniahidi nafasi nyingine itapatikana lini, huenda ikawa miezi. Akanipa mpaka saa kumi jioni nimpigie kama nataka afute.

Naima, binti yangu, alikuwa mlangoni anavaa koti aende kazini Parramatta. Alisikia yote.

"Mum, please. Lile ni tundu, sio horoscope. Kesho tunaenda, I've taken the day off."

"Hujui unachosema, Naima."

"Najua unaogopa. Just say that."

Akanibusu, akaondoka. Nilibaki na hasira. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusema, leo ananifundisha la kusema!

Mchana nikampigia Mama Mkubwa, Tanga, ambako ndiyo kwanza kulikuwa kumekucha. Yeye ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi, mdogo wake, alifariki akinizaa. Na nilikuwa na haja moja tu: yeye anayeamini nyota kuliko mimi aniambie nisiende, ili nikikosa jicho lawama iwe yake. Aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikamweleza yote, mchoraji, Kondoo, Jumanne. Akaniuliza:

"Hiyo Kondoo yako umeihesabu kwa jina la nani?"

"Kwa jina lako, mama. Si ndivyo ilivyo tangu utotoni?"

"Mimi sikukuzaa, mwanangu. Falaki inataka jina la aliyekuzaa."

Nikambishia kwamba mwalimu wa falaki mwenyewe ndiye aliyenihesabia nilipokuwa mchanga. Akasema mwalimu alihesabu alichoambiwa. Siku ile aliuliza mama wa mtoto anaitwa nani, na aliyekuwa amenipakata ni Mama Mkubwa. Basi akataja jina lake mwenyewe.

"Nyota ya Mwanaidi, mama yako, sikuitaka ikuguse. Tulikuwa tumetoka kumzika. Nikasema huyu atakaa kwenye nyota yangu, Mungu atanisamehe." Sauti yake ikawa ndogo. "Nimeogopa tangu siku ile. Ukipata homa, naogopa. Uliposhika mimba ya Naima ndiyo sikulala kabisa. Na wewe ukakua, ukawa mtu mzima, sasa una mvi. Nenda katibiwe jicho lako."

Nililia, naye akalia, hatukuagana vizuri.

Nikachukua penseli. Umri wote huu najisifia ubishi wa Kondoo, nawaomba watu wanisamehe hasira za Kondoo, kumbe si zangu! Nikaandika jina langu, na chini yake nikaandika Mwanaidi. Hesabu yenyewe ingekwisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Sikuhesabu.

Niliweka penseli chini, na hapo ndipo nilipojigundua. Ningepata burji nyingine, na burji hiyo nayo ingekuwa na mchoraji wake aliyepofuka, maana ningemtafuta mpaka nimpate. Hofu ilikuwepo kabla ya Kondoo. Nilikuwa naitafutia tu mahali pa kukaa.

Saa kumi imepita. Sikupiga simu.

Msidhani nimepona woga. Naogopa sindano karibu na jicho. Naogopa mwanga wa kile chumba. Naogopa bandeji ikitolewa nikute mlango bado umepinda, au nisiuone kabisa, niwe mtu ambaye zamani alikuwa anachora. Nimemwandikia Naima neno moja: naogopa. Amejibu anakuja na biriani, na kwamba kesho atakaa nami mpaka watakaponiingiza ndani.

Namfikiria Mwanaidi. Sijawahi kumfikiria hivi. Kwangu alikuwa kaburi la kusomewa dua siku za Idi. Leo namwona binti wa miaka ishirini na mbili, mdogo kuliko Naima, ameshika kiuno, macho yamemtoka kwa woga. Hakuna aliyemchagulia siku njema. Uchungu ulimshika, akaenda, na mimi nikapatikana.

Kesho nami nakwenda hivihivi, na woga wangu.