Mchanga kwenye ugali

Didia, Jumanne usiku, 1953

Na bado mikono inaniuma. Leo nilisaga mtama kwa hasira mpaka jiwe likamomonyoka, ugali ukawa na mchanga.

Mume wangu alirudi jana kutoka mgodini Geita. Masika tulimzika mtoto wetu Kulwa, yeye hakuja. Tangu afike nimempa salamu tu.

Alikula. Nilisikia mchanga ukilia menoni mwake. Hakutema.

"Na kesho saga hivi hivi, Mama Kulwa. Nitakula mpaka useme."

Nikasema. "Mtoto alikuita mpaka sauti ikamkauka."

Alilitazama tonge mkononi, akalitafuna huku machozi yakimtoka.

Kwetu mke hali chakula pamoja na mumewe. Lakini nilinawa, nikaketi naye, nikamega. Mchanga ulikuwa mwingi kuliko nilivyodhani.